Shabaha ya Mkonge

Hapana, godoro usinitajie. Najua utasema kama alivyosema rafiki yangu wa Chanika mwenye duka la magodoro, kwamba nikunje godoro kuukuu, nilifunge kamba, nilipige mishale mpaka nichoke. Nikamwambia, kaka, wewe unafikiria mshale wa ncha kama msumari. Huo hata kwenye mgomba unaingia na kutoka. Mimi naongelea mshale wa chembe kipana, kile chuma cha mbele kilichofuliwa kama jani, makali huku na huku. Ukikipiga kwenye godoro kinalichana. Siku mbili huna godoro tena, una matambara. Akabisha. Tukabishana mpaka mteja wake mmoja akaondoka bila kununua, na mimi nikaondoka nimemwita mjinga. Sijamwomba radhi mpaka leo.

Mjomba alikuwa amefariki wiki hiyo.

Mjomba huyu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa Kwamsisi na mfua chuma. Alifua visu, majembe na vyembe vya mishale kwa springi za magari mabovu. Kila chembe alichomaliza alikigonga vidoti vitatu shingoni kwa msumari, basi ukikiona popote unajua ni chake. Mishale yake ilikuwa ya kufukuzia nyani kwenye mahindi, na tangu nilipoacha shule mimi ndiye niliyekuwa nalinda naye shamba. Kupiga hakunifundisha. Alinipa upinde akaenda kupalilia. Mengine nimeyapata kwa kukosea, na baadaye kwa kuangalia video kwenye simu. Lakini mtu akimsema vibaya mjomba mbele yangu, hata awe nani, tunakosana.

Aliacha mishale sita kwenye podo lake, ule mfuko wa ngozi wa kubebea mishale mgongoni.

Siku ya mazishi akaja mtani wake, mzee wa Kishambaa kutoka Kerenge. Mnajua mambo ya watani msibani. Watu wanalia, yeye anatembea uani akichechemea kama marehemu alivyokuwa anachechemea, anakohoa kama yeye, anauliza chakula kiko wapi. Akina mama wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka namwangalia kama naangalia mtu wa mbali. Nilikuja kuamka pale alipoingia ndani akatoka na podo mgongoni, akasema anakwenda nalo Kerenge.

Nikamfuata nikamshika shati. Mzee wa umri wa baba yangu, namshika shati. Wanaume wawili wakanitoa. Yeye hata hakukasirika.

"Mpwa wa marehemu ana nguvu kwenye shati," akasema. "Kwenye upinde sijui. Nyie Wazigua chuma mnajua kukifua, kukitunza hamjui."

Nikamwambia, shikamoo mzee, hiyo mishale haiondoki hapa. Watu wakacheka kwa jinsi salamu ilivyochelewa. Akaitikia marahaba, akaniwekea sharti mbele ya wote: podo ananiachia mpaka arobaini. Siku hiyo nitaipiga yote sita kwenye shabaha, nitaichomoa yote ikiwa mizima. Ukikatika hata mmoja, yote ni yake.

Ni utani, ndiyo. Lakini ukishakubali mbele ya msiba, umekubali.

Sasa utaniuliza kwa nini nisifanye mazoezi kwa mishale ya kawaida. Kwa sababu chembe kipana kinashika upepo. Mshale unayumba tofauti, unaangukia pengine. Lazima ujizoeze na chenyewe. Na hapo ndipo shabaha inapokuwa kazi, maana ikiwa ngumu inavunja, ikiwa laini inachanika, ikishika sana unavuta uti, ule mti wa mshale, unatoka mtupu, chembe kimebaki ndani.

Nilianza na kiroba cha mchanga. Mshale mmoja tu. Ulisimama vizuri, nilipouchomoa ncha ilikuwa imekunjika na makali yamekuwa butu kama kijiko. Nikainyoosha ile ncha juu ya jiwe taratibu, jasho linanitoka, nikaacha mchanga.

Nikapanda bodaboda mpaka Korogwe, kwenye mashamba ya mkonge. Pale kwenye korona, ile mashine ya kuchakata majani, yanatoka mabaki ya kijani, nyuzi fupi zikiwa bado na nyama ya jani, yanamwagwa tu. Nikajaza gunia, nikarudi nalo linanuka mpaka dereva akanilalamikia njia nzima. Nikalishindilia kwa miguu, nikalisimamisha nyuma ya nyumba ya mjomba, nikarudi hatua ishirini. Mshale ukaingia kama kisu kwenye papai. Wa pili vilevile. Yote sita ikakaa pale imejipanga, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nijisikie njaa. Nikaenda kula. Mishale nikaiacha kwenye gunia nije kumwonesha mke wa mjomba asubuhi.

Mjomba alikuwa na neno lake: "Ukikata mkonge, osha panga kabla hujanawa mikono." Nimelisikia tangu mdogo. Kila mtu wa huku anajua maji ya mkonge mbichi yanawasha ngozi na yanakula chuma. Nilijua. Na nikaiacha mishale ilale humo.

Asubuhi nikachomoa wa kwanza. Chembe kilikuwa cheusi, makali yana vishimo vidogo vidogo kama bati lililong'atwa. Wa pili hivyohivyo. Nilichomoa yote. Mke wa mjomba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akaniangalia, akarudi ndani.

Nikachukua tupa nikakaa chini kusugua. Siku tatu. Vumbi la chuma likidondoka kwenye suruali nilikuwa naliangalia tu. Vidoti vitatu vilibaki. Makali yote yakawa mapya.

Shabaha iliyofaa niliipata baada ya hapo, na ilikuwa mkonge huohuo. Mkonge ukizeeka unachomoza mlingoti katikati, mrefu kama nguzo, ukikauka ndani unakuwa mwepesi kama kizibo. Mlinzi wa shamba akaniruhusu niokote milingoti iliyoanguka. Nikaikata vipande vya urefu wa mkono mmoja, nikavipanga kama kuni, vichwa vilivyokatwa vikinitazama mimi, nikavikaza kwa mpira wa tyubu ya baiskeli mpaka vikalia. Mshale unapenya kwenye nyama ya mti kwa urefu, haukati kitu. Sehemu ya katikati ikilegea, unalegeza mpira, vya katikati unavipeleka pembeni, vya pembeni vinakuja katikati. Kuchomoa, mkono mmoja unasukuma shabaha, mwingine unavuta moja kwa moja, usizungushe. Ipo mpaka leo. Nimeipiga mara zisizo na idadi.

Arobaini ikafika. Baada ya dua na pilau watu wakahamia nyuma ya nyumba. Mtani alikaa kwenye kigoda akitafuna, akiniuliza kama nimemwandalia mfuko wa kubebea mishale yake. Nikapiga sita. Yote ndani. Nikachomoa sita, hakuna uliokatika wala kulegea. Watu wakapiga makofi.

Mtani akaomba mmoja. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akarudia. Akaacha kutafuna.

"Haya makali si ya mtani wangu."

"Ya kwake yaliliwa na mkonge," nikamwambia. "Haya nimeyatia mimi."

Akavipapasa vile vidoti vitatu muda mrefu, kisha akanirudishia.

"Basi kaa nayo. Mtani anachukua cha marehemu. Hiki ni chako."

Akanawa mikono, akaaga, akaondoka kwa mwendo wake mwenyewe, bila kuchechemea. Watu wakanipongeza. Nikairudisha mishale sita kwenye podo, na jioni nikaenda kulinda mahindi kama kawaida.

Nimekaa nayo mpaka sasa, na shabaha sitaki mtu anifundishe. Ila wewe uliyekuja na habari za godoro, niambie moja: mishale ya mjomba niliiokoa, au niliimaliza mwenyewe?