Eksperi wa Magitaa Yasiyo na Kichwa

Mume wangu alikuwa mjuzi mkubwa wa magitaa ya umeme yasiyo na kichwa muda mrefu kabla hajashika hata moja. Mtaani kwetu, hapa Kamina, hakuna aliyeona shida katika jambo hilo. Mtu anafundisha Kifaransa sekondari, anavaa miwani, ana simu yenye kioo kikubwa. Akisema kitu ni kizuri, nani atambishia? Watu wakampa jina la Eksperi. Alilipokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akilisubiri tangu azaliwe.

Elimu yenyewe aliipata kitandani, simu ikiwa juu ya tumbo. Alitazama video za wanaume wenye nywele ndefu wakigeuza magitaa hayo huku na huku mbele ya kamera. Gitaa la kawaida lina shingo, na mwisho wa shingo kuna kichwa, mahali pa masikio ya kukazia nyuzi. Hili la kwao shingo inakatika ghafla, kana kwamba fundi aliitwa kwenda kula na hakurudi, na vifundo vya kukazia vimehamishiwa chini, kwenye kiwiliwili.

"Kichwa iko uzito ya bure," alikuwa akiwaambia wageni. "Sauti haitokake mu kichwa. Kwanza angalia jouabilité."

Neno hilo, jouabilité, yaani wepesi wa kupigika, alilipenda kuliko yote. Alilisema mezani, alilisema shuleni, alilisema hata matangani, mpaka shangazi yake akamwomba amwache marehemu apumzike.

Yeye mwenyewe alikuwa na gitaa lenye kichwa, tena kikubwa, kilichovunjika zamani kikagandishwa kwa gundi ya viatu. Kwa gitaa hilo alisindikiza kwaya ya kanisa letu la Methodisti. Kila wimbo ulianza mara mbili: kwanza kwaya, halafu yeye.

Mimi nilikulia Kabongo, katika nyumba ya Wakatoliki. Baba yangu alilima mahindi, na jioni alipiga gitaa kavu, lisilo la umeme, uani, akinikalisha pembeni yake na kunipanga vidole kimoja kimoja. Nilipoolewa Kamina nilihamia kanisa la mume wangu, na gitaa nikaliacha. Hakuna aliyenikataza. Mume wangu aliniambia tu, kwa upole kabisa, kwamba vidole vyangu ni vifupi. Basi nikaenda kufundisha shule ya msingi, nikawa naandika ubaoni kwa vidole hivyo hivyo vifupi, na watoto walisoma bila kulalamika.

Siku moja rais wa kwaya, karani wa ofisi ya serikali asiyevua tai hata akienda sokoni, alikuja nyumbani na habari. Muumini mmoja mwenye mtoto Lubumbashi alikuwa ametoa zawadi kwa kwaya: gitaa la umeme, jipya, lisilo na kichwa. Komite iliogopa kulipokea hivi hivi. Kitu cha namna hiyo hakikuwahi kuingia kanisani, na baadhi ya wazee walidhani ni gitaa lililovunjika ambalo watu wa Lubumbashi wametutupia. Kwa hiyo komite imeamua lipimwe kwanza.

"Na tuko na muntu wa kupima," alisema rais, akimwonyesha mume wangu kwa mikono miwili.

Sijawahi kumwona mume wangu mrefu kama alivyokuwa jioni ile.

Gitaa lilifika ndani ya mfuko mweusi, mfupi na mwembamba, naye akautembeza mtaa mzima begani. Jirani yetu, mke wa mwanajeshi aliyehamia mjini kutoka Base, kambi ya jeshi, alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

"Tata, ile iko bunduki?"

"Hapana, mama. Iko gitare."

"Na kichwa yake?"

"Gitare ya leo haina na kichwa."

"Ee," alisema jirani, "na bantu ba leo njo vile."

Upimaji ulianza kwa kutandika kitambaa cheupe juu ya meza yetu ya kulia. Kwa siku kadhaa tulikula bukari, ugali wetu, sahani zikiwa magotini, kwa sababu meza ilikuwa na kazi. Mume wangu alilitazama gitaa kutoka mbele, akalitazama kutoka nyuma, akafumba jicho moja na kulitazama kutoka mwisho wa shingo kama mtu anayelenga kanga. Alilipeleka kwa muuza unga likapimwe uzito, akarudi akitangaza kwamba ni jepesi, jambo ambalo mkono wake ungeweza kumwambia bila kutoka nyumbani. Alilining'iniza shingoni kwa mkanda na kuliachia ili aone kama shingo itaangukia chini. Haikuanguka. Akapiga makofi, peke yake, sebuleni.

Kitu kimoja tu hakukifanya: kulipiga.

"Bado," alinijibu nilipomuuliza. "Kwanza évaluation. Musiki itakuja."

Musiki ilijaribu kuja siku ya Jumamosi. Alikaa, akaliweka gitaa pajani, akagusa nyuzi. Sauti zilikuwa zimeteleza, kama ilivyo kawaida ya kitu kilichosafiri kwa treni. Mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni kutafuta masikio ya kukazia, ukapita mwisho wa shingo, ukashika hewa. Akajifanya anajikuna. Akajaribu tena, mkono ukapanda tena, ukashika hewa tena. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, nikainamia kapu ili asione uso wangu.

Mwishowe alikumbuka kwamba vifundo viko chini. Akashika cha uzi mwembamba kabisa, akakizungusha kwa ujasiri wa mtu aliyeona video nyingi. Alikizungusha upande usio wake. Uzi ulilia, ukalia zaidi, halafu ukakatika na kumchapa kwenye kidevu.

Tatizo, kama alivyonieleza akiwa ameshika kidevu, ni kwamba uzi ule haukuwa wa kawaida. Ulikuwa na kishanga cha chuma kila upande, na uzi wa namna hiyo haupatikani sokoni Kamina. Alizunguka kwa wauza redio na betri wote, akarudi mikono mitupu, lakini amekwisha kupata nadharia.

"Nyuzi tano zinatosha," alisema. "Ya sita iko mapambo."

Wiki iliyofuata yeye alifundisha mchana, mimi asubuhi. Nikajikuta peke yangu nyumbani na gitaa, maharagi yakichemka juu ya makaa. Nitasema ukweli: nililishika kwa hasira. Nilikuwa nimechoka kula magotini. Nikakaa nalo uani juu ya kibao, nikazungusha vifundo polepole nikiweka sikio juu ya mbao, mpaka nyuzi tano zikasikilizana.

Halafu nikapiga, bila umeme, kimya kimya, kitu ambacho baba yangu alinifundisha.

Vidole havikuwa vimesahau. Shingo ilikuwa nyembamba, mkono ukaizunguka bila kunyoosha kifundo cha mkono. Nyuzi zilikaa karibu na vyuma vya shingoni, kidole kikigusa tu, sauti inatoka. Nilipitisha kidole gumba pembeni ya shingo, juu na chini, na vyuma havikunikwaruza. Sifa hizo zilikuwa za kweli. Lakini kiwiliwili kilikuwa kidogo mno, kikateleza pajani kila nilipojisahau, ikabidi nikunje kitenge nikiweke chini yake. Na uzi wa nne ulikuwa unakoroma ukibanwa katikati ya shingo. Mume wangu alikuwa amelitazama gitaa hilo siku nzima nzima kwa jicho moja, na mkoromo huo hakuusikia, kwa kuwa mkoromo hauonekani.

Nikafungua mfuko kutafuta kama kuna chochote cha kusaidia. Ndani ya kijifuko cha pembeni kulikuwa na kifunguo kidogo cha chuma kilichopinda. Nikakijaribu kila mahali penye tundu. Kiliinua kidogo kichuma kinachobeba uzi wa nne, na mkoromo ukaisha. Kisha nikaona pale shingo inapokatikia kuna vibanio vidogo, kila uzi na chake. Nikalegeza kimoja kwa kifunguo kile kile. Kumbe uzi wa kawaida unapita pale na kubanwa bila kishanga cha pili. Nikachukua uzi wa akiba wa gitaa la mume wangu, nikaufunga, nikakata mkia wake kwa mkasi wa kushonea. Gitaa likawa na nyuzi sita, na maharagi yakaungua.

Mume wangu alirudi akanikuta bado napiga. Alisimama kwenye mlango wa ua, mkoba mkononi.

"Weye njo ulifunga ule uzi?"

"Minyi."

"Nani alikuonyesha?"

"Hakuna. Kifunguo kilikuwa mu mufuko."

Aliuangalia mfuko kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Nilimnyooshea gitaa. Hakulipokea. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akavua miwani, akafumba macho.

"Piga tena," alisema. "Niko napima."

Tangu siku hiyo ndivyo upimaji ulivyoendelea: mimi nikipiga, yeye akipima. Mara kwa mara alinyanyua kidole na kusema "sustain", au "sikia médium", nami niliendelea kupiga. Sikumwuliza maana. Nilikuwa na furaha kubwa mno, sikutaka kuanza kugombana.

Jumapili ya kutoa ripoti, baada ya ibada, komite ilikaa mbele ya kanisa na kwaya nzima ikabaki kwenye mabenchi. Jenereta lilikuwa linanguruma nje, bafle la kutolea sauti limewashwa. Mume wangu alizungumza kwa Kifaransa, halafu akajitafsiri mwenyewe. Aliongea kuhusu uzito, usawa, mbao na mustakabali wa muziki katika jimbo letu la Haut-Lomami. Alieleza kuwa gitaa lilikuja na kasoro ya mkoromo, lakini kasoro hiyo "ilirekebishwa nyumbani kwangu". Nilikaa benchi la mbele, nikitazama viatu vyangu.

"Vizuri sana," alisema rais wa kwaya, akirekebisha tai. "Sasa tupigie kidogo, tusikie na sisi."

Mume wangu alivaa mkanda. Alichomeka waya. Aligusa nyuzi, akakunja uso kama mtu aliyesikia kitu kidogo ambacho sisi wengine hatuwezi kukisikia, na mkono wake wa kushoto ukapanda shingoni, ukashika hewa. Safari hii hapakuwa na kapu la sombe la mtu kuinamia. Kwaya yote iliona. Mmoja wa soprano akakohoa kwa muda mrefu sana.

Nampa heshima yake: hakutetereka. Alivua mkanda taratibu.

"Muntu mwenye kupima," alisema, "hawezi tena kupiga. Haiko objectif. Inahitaji mukono wa muntu mwingine." Akanigeukia. "Mama, kuya."

Shemasi mzee kuliko wote akanyanyua fimbo yake. "Ngojeni. Minyi nauliza kintu kimoja. Mwanamuke kichwa yake iko bwana yake. Sasa hii gitare haina kichwa, na mwanamuke njo ataipiga. Kichwa ya mambo yote haya iko nani?"

"Iko minyi," mume wangu akajibu haraka.

Shemasi akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Watu wanaridhika kwa vitu vidogo.

Nikaenda mbele. Nilikuwa na kitenge changu cha kukunja, nikakaa, nikapiga utangulizi wa wimbo ambao kwaya inaujua vizuri. Kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ile ikitoka kwenye bafle, safi, ikifika mpaka mlangoni. Kwaya iliingia. Iliingia mara moja tu, sote pamoja. Nikamwona rais wa kwaya anageuza shingo kuangalia kama kuna kitu kimeharibika.

Komite ililipokea gitaa siku hiyo hiyo. Ilimshukuru mume wangu kwa kazi yake ya kisayansi. Kuhusu mimi ilisemwa kwamba, kwa kuwa gitaa limekwisha kuzoea mkono wangu, si vizuri kulisumbua.

Kwa hiyo ninapiga kila Jumapili. Mume wangu anasimama kando ya bafle, mikono kifuani, anaongeza sauti kidogo, anapunguza kidogo, anairudisha ilipokuwa. Sifa zake zilitoka nje ya mji. Mwezi uliopita alikuja mwanaume mmoja kutoka Kaniama, mfuga ng'ombe, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Alikuja kwa pikipiki na gitaa lisilo na kichwa mgongoni, jekundu, la kung'aa. Kuna mtu alitaka kumuuzia, naye akaomba kwanza alipeleke kwa Eksperi.

Mume wangu aliniita nilishike. Nikalishika, nikapiga kidogo. Yeye akafumba macho.

"Très bonne jouabilité," alianza. "Angalia ile rangi. Angalia namna inakaa..."

"Shingo yake imepinda," nikasema.

Alifumbua jicho moja. Mfugaji akatutazama, yeye kisha mimi.

"Nyuzi zinasikilizana huku juu," nikaendelea, "lakini ukishuka chini zinaachana. Na vifundo vinateleza vyenyewe, nimevikaza mara mbili tangu nikae. Tata, usiinunue. Umurudishie mwenyewe."

Kuku walipita.

"Njo pale nilikuwa nafika," mume wangu alisema.

Mfugaji alinishukuru mimi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akainama kidogo, kisha akamshukuru na mume wangu kama unavyomshukuru mtu aliyekufungulia mlango. Akafunga gitaa jekundu mgongoni, akawasha pikipiki, akaondoka.

Mume wangu alikaa uani mpaka jua likaanza kushuka. Nilijua ananuna, na nilijua napaswa kumhurumia kidogo. Nilijitafuta ndani nione kama huruma hiyo ipo, sikuiona. Nikasonga bukari, nikaiweka mezani pamoja na samaki. Akaja, akanawa, akakata tonge la kwanza, akatafuna.

"Pilipili iko?" aliuliza.

Nikampa.