Ampli Nzito ya Spika za Baba

Spika za baba yangu ni kubwa mpaka kuku wetu mmoja alipotelea ndani ya moja. Aliingilia hiyo shimo ya chini ya kutoa upepo, akatoka baada ya wiki tatu na vifaranga kumi na mbili. Ukikataa, nenda ukamuulize huyo kuku. Baba alipewa hizo spika na daktari wa misheni ambaye Baba alikuwa anamlimia shamba, wakati huyo daktari alikuwa anarudi kwao. Zilikuja hapa Mitunguu na trekta, na hiyo barabara mpaka leo haijainuka.

Baba alikufa, na mwaka jana ampli yake, ile mashine ya kuzipa spika nguvu, ikamfuata. Stima ilipotea siku mbili, halafu ikarudi na hasira, ampli ikatoa moshi kidogo na ikanyamaza. Mimi sikujali. Mimi ni mtu wa ndizi, nikitaka kelele naenda kwa soko.

Lakini masikio ya Mama ikaanza kwenda. Kwanza ya kushoto, halafu ya kulia ikaona haiwezi kubaki peke yake. Daktari alisema inaendelea kupungua na hajui itasimama wapi. Walimpa ile mashine ndogo ya kuweka kwa sikio, ikampigia filimbi kichwani siku nzima. Akaitoa akaiweka kwa mkebe wa mbegu ya maharagwe. Halafu akaacha kuongea, kwa sababu mtu hawezi kuongea kama harudishiwi. Akaacha kanisa. Chakula anaonja kama anamwonjea mtu mwingine. Mama yangu, ambaye zamani akiongea Mitunguu watu wa Embu wanaitikia, alikuwa anakaa tu kwa mlango anaangalia migomba.

Siku moja nilikuwa napanga vitu vya Baba nikapata kanda ya kwaya. Baba alikuwa anaimba besi, Mama anaimba na wamama laini ya mbele. Kuna wimbo mmoja ambapo wamama wanaimba peke yao kwanza, halafu wazee wa besi wanaingia. Baba miaka yote alikuwa anaingia amechelewa. Mama anageuka palepale kanisani, anamtupia jicho, na nyumbani inakuwa kesi mpaka Jumatano. Nikapeleka kanda kwa duka ya mjini wakaniwekea kwa flashi. Nikajiambia, sikio limekataa, lakini hiyo besi ya Baba kwa hizo spika ilikuwa inatingisha sufuria jikoni. Akiegemea spika na mgongo, lazima imfikie. Lakini ifike haraka, kabla hata hicho kidogo kimebaki kiende.

Nikaenda Meru mjini kutafuta ampli. Muuzaji akanionyesha moja imeandikwa wati nyingi sana, nyingi hata za kuendesha hospitali. Ilikuwa nyepesi kama mkate. Nikainunua nikakimbia nayo nyumbani, nikaunganisha waya, nikamwonyesha Mama kwa mkono akae. Akavuta kiti chake kidogo, akaegemea. Wamama wakaimba, safi kabisa. Besi ikaingia, nikasikia Baba amevuta neno la kwanza, halafu ampli ikalia tik, ikazima.

Nikawasha tena. Wamama, wamama, Baba, tik. Mara ya tatu hivyo hivyo. Mama alikuwa ameshikilia ubao wa spika na mikono miwili nyuma yake. Aliposikia imekatika akaachilia.

"Amekataa," akasema. Hiyo ndiyo neno ya kwanza alikuwa amesema kwa wiki mbili. Akainuka, akarudi kwa mlango wake, na hiyo siku hakuonja chochote.

Mimi nililia nyuma ya zizi. Ng'ombe alinisikia akaacha kutafuna, na huyo ng'ombe hata kwa matanga hajawahi kuacha kutafuna.

Nikasema kosa langu ni kusoma wati zimeandikwa badala ya kutumia mkono. Sisi watu wa Mitunguu tunauza ndizi kwa kilo. Mimi nikiinua mkungu naweza kukuambia kilo zake, na nikutolee uzito wa nzi aliyekaa juu. Kitu nzito ni kitu imejaa. Kwa hivyo nikarudi mjini, nikapita duka moja baada ya nyingine nainua ampli, wauzaji wananiangalia kama nataka kuzioa. Hii kilo nne, hapana. Hii kilo saba, hapana. Mwisho nikapata moja ilinivuta mgongo. Kilo kumi na tisa, na sikuhitaji mizani. Sikuuliza kitu ingine. Nikaibeba nikiimba.

Hiyo ilifika mpaka ubeti wa pili. Besi ilikuwa inatoka kama mtu amefunikwa blanketi, Mama uso haujabadilika, halafu tukasikia harufu ya mpira unaungua. Nikachomoa waya mbio. Mama aliniangalia tu, kama vile unaangalia mtu anakusumbua na wewe ni mgonjwa.

Hapo ndipo nilimpigia shemeji yangu, kaka ya bibi yangu, anauza miraa Kangeta. Nilitaka tu mtu wa kumlilia. Akaja asubuhi iliyofuata, akaniuliza kama niliangalia ndani kabla ya kununua. Nikamwambia niliinua.

"Shemeji, mtu ananunua bunda ya miraa bila kufungua?" akasema. "Kwetu mtu akinunua bunda na uzito tu, anauziwa majani ya mgomba. Na hayo majani yanatoka kwako."

Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko. Ndani, pale chini, kulikuwa na kipande cha simiti, safi, kimemwagwa vizuri kama msingi wa choo. Kando yake transfoma, ile chuma inabeba nguvu ya ampli, ndogo kama nduma ya mtoto. Nilikuwa nimebeba simiti kutoka Meru nikiimba. Shemeji alitaka kucheka, akaona Mama pale mlangoni, akameza hiyo kicheko mpaka macho yakatoka machozi.

Akaniambia Karurumo kuna mwalimu amestaafu, anatengeneza redio. Kesho yake alfajiri tukabeba spika moja kwa pikapu, tukashuka upande wa Embu. Huyo mwalimu ni mzee mpole, anaongea kama bado kuna ubao nyuma yake. Akaweka mita kwa spika, akatikisa kichwa. Akatueleza kwamba spika zingine zinaridhika na kidogo, lakini hizi zina ohm chache, yaani hazizuii stima sana, zinanyonya moto mwingi kutoka kwa ampli, na besi ikiingia ndio zinanyonya zaidi. Ampli ndogo inaona inakufa, inajizima.

Nikamwambia, "Mwalimu, hapo kwa besi ndipo baba yangu anaingia."

Akaweka mita chini. Halafu akaenda ndani, akarudi na risiva ya zamani, ile ya redio na ampli pamoja, imekwaruzwa, vifungo viwili hakuna. Imeandikwa wati chache mpaka niliona aibu kwa niaba yake. Shemeji hakungoja, akaomba bisibisi. Tukafungua. Transfoma ilikuwa inatoshana na kichwa ya mbuzi, na simiti hakuna. Mwalimu akaiunganisha na spika yetu, akaipigia besi kuanzia asubuhi mpaka saa tisa, kila saa anaweka kiganja juu yake kama anapima mtoto homa. Vuguvugu tu. Ndio akatuachilia.

Njiani niliogopa kuliko siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimemkalisha Mama kwa hiyo spika mara mbili na nikamnyang'anya bwana yake mara mbili. Na siku zilikuwa zimepita, masikio hayakuwa yananingoja.

Alikataa kukaa. Nilipiga magoti. Akakaa, nafikiri ni kwa sababu ya kuona aibu mbele ya shemeji. Wamama wakaimba. Uso wake hakuna kitu. Wamama wakaendelea, hakuna kitu kabisa, na mimi nikajua tumechelewa. Shemeji ameweka kiganja juu ya risiva, anaangalia chini.

Besi ikaingia. Sufuria zikatingishika jikoni. Kuku wakatoka mbio. Mama akashika ubao wa spika nyuma yake, mikono yote miwili, akafunga macho, na hakuachilia.

Wimbo ukaenda mpaka mwisho bila kukatika. Alikaa hivyo hata baada ya spika kunyamaza. Halafu akageuka pale kwa kiti, akaitupia spika jicho.

"Bado anachelewa," akasema. "Mwambie arudie."

Nikarudisha wimbo mwanzo, nikamwambia. Alirudia mpaka chai aliyowekewa Mama ikapoa, na Mama akaomba ipashwe.