Alimpa samaki mungu asiyekula nyama

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Nang Mo Hom anakoroga uji wa dengu, na haachi. Mkono mmoja ukichoka anahamishia mwiko kwenye mkono wa pili, uji ukiendelea kuzunguka upande uleule. Akisimama kidogo tu, anasema, utashika mabonge, na uji wa mabonge hata mbwa wa mtaa huu wataukataa.

Juu ya kibanda chake zinapepea bendera za njano za sikukuu ya kutokula nyama. Leo ni siku ya tisa, ya mwisho. Kwa watu wa Talat Phlu, upande huu wa mto hapa Bangkok, maana yake ni kwamba kesho wanarudi kwenye bata na nguruwe wao. Kwa Nang Mo ni kwamba kesho anatakiwa kuhama.

"Sijafunga mzigo," anasema, macho kwenye sufuria. "Nikifunga sasa nitalia, na uji utaungua."

Kibanda kiko mbele ya duka la vitasa na misumari la Mama Kanlaya, mwenye miaka sitini na saba na sauti inayosikika mpaka kituo cha treni. Sheria haimruhusu mgeni kumiliki kibanda, kwa hiyo kwenye karatasi kibanda ni cha Mama Kanlaya, na kibali cha kazi cha Nang Mo kinamtaja yeye kuwa ndiye mwajiri. Mama akisema toka, mambo yote mawili yanaondoka kwa pamoja.

Nang Mo ana miaka thelathini na minane. Ni Mshan wa Taunggyi, milimani huko Myanmar, na alifika hapa miaka minne iliyopita. Mitatu ya kwanza alimenya kamba wa baharini kiwandani mpaka vidole vikavimba. Lugha haikumtesa sana, maana Kishan na Kithai ni ndugu. Kilichomtesa ni kwamba akifungua mdomo tu, watu wanasema huyu wa mlimani.

Mwezi wa nane ndipo alipopata kibanda. Akaanza kupika supu ya kambale na tambi za mchele, ile ambayo watu wa kwao hawaianzi siku bila kuinywa. Bakuli baht arobaini. Mafundi ujenzi kutoka nchini mwake wakamjia, kwa siku akawa anauza mabakuli hamsini. Mama Kanlaya hakuwahi kuionja. Alisema inanuka mto.

Nyuma ya hesabu hizo kuna mtoto. Awn, binti wa Nang Mo, ana miaka kumi na mmoja na anaishi kwa bibi yake Taunggyi. Mpango ni aje shule zitakapofunguliwa mwezi wa tano, ikiwa mama yake atakuwa bado na mahali pa kusimama. Kila Jumapili anapiga simu na swali lake ni lilelile: aje na koti, au amwachie bibi? Kule kwao ni baridi, huku ni joto mwaka mzima, na koti ni jipya. Mama yake amekuwa akimjibu, tutaona.

Sasa tusikie kosa lililomfanya aambiwe ahame. Kwao Nang Mo, mtu akianza biashara mahali pageni, chakula cha kwanza kutoka chunguni ni cha roho mlinzi wa mahali hapo. Mlinzi anakula wanachokula watu wake, kuku ni kuku, samaki ni samaki. Ukimpa maua matupu umemdharau.

Pembeni mwa duka la Mama Kanlaya kuna kihekalu cha mungu wa nyuso nne. Basi kila alfajiri, kabla duka halijafunguliwa, Nang Mo alimwekea bakuli la supu, akapiga magoti, akaomba ruhusa ya kukaa. Saa mbili akaliondoa. Alifanya hivyo siku arobaini na moja.

Mtaa mzima tunajua kwamba mungu yule hali nyama wala samaki. Apewe maua, matunda, nazi. Tunajua tangu utotoni, ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kumwambia mgeni. Hilo ni letu sisi wenyeji, na nalisema nikiwa na aibu.

Siku ya arobaini na mbili, Mzee Thawon, mume wa Mama Kanlaya, aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mguu. Mama akaanza kuuliza nani kafanya nini. Mjomba Anek, dereva wa bodaboda anayesinzia kwenye kona ile kila asubuhi, akasema alichokuwa akikiona, bila nia mbaya. Utani wake akautoa mbele za watu.

"Mungu ana nyuso nne, pua nne," alimwambia Nang Mo. "Na zote umezifukiza kambale. Ungekuwa wewe, usingemshika mtu mguu?"

Watu walicheka. Mama Kanlaya hakucheka. Nang Mo anayakumbuka maneno yake neno kwa neno: "Sina ugomvi na wewe, mwanangu. Lakini umemlisha mungu wangu uchafu, na mume wangu amelala. Ngoja sikukuu ipite, halafu tafuta pengine."

Nang Mo alikiosha kihekalu kwa maji ya maua, akaomba radhi, akaenda chumbani kwake akalala na viatu. Neno lililomuuma ni lile la uchafu. "Nilimpa kilicho bora," anasema. "Nilimwekea yai zima juu ya supu. Wateja nawakatia nusu."

Siku tisa za sikukuu hakuna anayenunua samaki hapa, na sote tulidhani atafunga kibanda. Yeye akampigia simu mama yake, yule bibi wa Awn, ambaye ameuza uji wa dengu sokoni Taunggyi maisha yake yote. Utotoni Nang Mo alikuwa akiona haya kubeba ile sufuria. Kwao ni chakula cha wasio na kitu. Bibi alicheka sana. Kisha akamwelekeza: loweka unga, chuja kwa kitambaa, koroga usiache.

Waligombana kuhusu vitunguu. Anayeshika sikukuu hali kitunguu saumu wala kitunguu maji, na bibi akaapa kwamba bila saumu hicho si chakula. Mwishowe wakakubaliana tangawizi, ufuta wa kukaanga na karanga za kutwanga. Nang Mo akanunua sufuria mpya, isiyojua harufu ya nyama.

Siku ya kwanza aliuza mabakuli kumi na moja. Ya nne watu walipanga foleni mpaka mlangoni kwa kinyozi. Mjomba Anek, ambaye hajawahi kufunga chochote maishani, alikula mawili na kusema yote ni ibada. Siku ya sita Mzee Thawon alitoka na magongo, akaketi, akala, akaomba la pili. Mama Kanlaya alichungulia sufuria, akanusa, akarudi kwenye vitasa vyake.

Leo, siku ya tisa, uji umekwisha saa tatu. Jioni Nang Mo anafunga masufuria yake kwa kamba.

Asubuhi ya siku ya kumi narudi na kumkuta ameketi juu ya mzigo. Bendera zimeshushwa. Mama Kanlaya anatoka dukani ameshika bakuli tupu, la jikoni kwake mwenyewe.

"Samaki yako wapi?"

"Sikupika, mama. Nilijua naondoka."

"Siku tisa sijaonja samaki, na wewe hukupika?" Anautazama mzigo, kisha kihekalu. "Kesho upike. Na bakuli la kwanza ni langu. Yeye mpe maua."

Analiacha bakuli juu ya meza na kuingia ndani. Kuhusu kuhama hasemi kitu, na Nang Mo haulizi. Anafungua kamba za mzigo. Mjomba Anek, bila kuombwa, anawasha pikipiki ili ampeleke sokoni kuchukua kambale.

Kabla ya kupanda anapiga simu Taunggyi. Si Jumapili, na huko mtoto anashtuka, anauliza kuna nini.

"Hakuna kitu," Nang Mo anasema, akijifuta macho kwa kiganja. "Lile koti, mwachie bibi."