Tembo wa Taifa, Mahindi ya Ujamaa

Juzi nilikuwa Kilosa, ofisi ya maliasili, nikisubiri kibali cha mbao. Mbele yangu alikuwa mzee kutoka kijiji cha ujamaa kinachopakana na hifadhi ya Mikumi. Bwana Wanyamapori, kijana tu, alisimama akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tembo wamekula nusu ya mahindi ya kijiji."

"Tembo ni mali ya taifa, mzee."

"Na shamba la ujamaa je?"

"Nalo ni la taifa."

"Basi sisi tutakula nini?"

Kijana alitazama kabati lililofungiwa bunduki, akashauri wapige madebe kuwafukuza.

"Tunapiga, mwanangu. Wameshazoea. Sasa wakisikia debe wanajua mahindi yameiva, wanakuja mbio."

Hakuna aliyecheka. Kijana aliandika taratibu, akagonga muhuri, akamkabidhi mzee barua kwa mikono miwili. Nilichungulia: "Wanakijiji waendelee kupiga madebe." Nakala kwa mkuu wa wilaya na katibu wa chama.

Tembo hawakupewa nakala. Hawaihitaji. Katika taifa hili, ni wao tu ninaowajua wanaoitikia wito kwa wakati.