Jicho Kwenye Kofia ya Baba Mkwe

Jamani, mkiniona nacheka leo msidhani sina haya, ninayo mpaka sasa, na nikipita karibu na kanisa letu la Mangobo bado nainamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano chini. Mimi ni fundi cherehani, mnanijua, na ugonjwa wangu mnaujua pia: naota macho wazi, mashine inakwenda na mimi sipo.

Sisi mafundi hununua karatasi kuukuu za kukatia patroni, yaani vielelezo vya nguo, na siku moja, katika furushi nililouziwa kutoka nyumba ya zamani kando ya mto, nikakuta gazeti la Kifaransa, limegeuka rangi ya chai, lililotolewa enzi za babu zetu na chama cha watu walioitana ndugu. Juu kabisa lilichorwa jicho kubwa, na chini yake mikono miwili imeshikana. Sasa hapa kwetu ukimwonyesha mtu jicho la namna hiyo atasema neno moja tu, loge, yaani chama cha siri cha wale wanaosemekana kuuza roho za watu ili watajirike. Lakini mimi nilisoma mistari yenyewe: fulani anaumwa, nani ataenda kukaa naye, mjane wa fulani paa lake linavuja, na mahali pengine mhariri anawasihi watu wa mji waliokuwa wakiwaogopa, njooni mtuone. Nikawapenda. Nashona huku nawaona wakitembea taratibu katika ukungu wa asubuhi, suti nyeupe, wanampelekea mgonjwa supu, na mara ngapi niliweka mkono wa shati mahali pa kola (msicheke).

Basi, nilitaka kumwoa Nadine, na baba yake, papa Albert, kiongozi wa kwaya, akanipa kazi ya kushona kofia nyeupe za kwaya kwa ajili ya maandamano ya sikukuu, akaniambia, "Fanya muzuri. Kisha procession nitakujibu juu ya Nadine." Kesho ndiyo sikukuu, kitambaa kigumu cha kuweka ndani kimeniishia, maduka yamefungwa, na macho yangu yakaangukia lile gazeti. Nikajiambia (ndoto hizo!) kwamba wazee wale walioogopwa na mji mzima hatimaye wataingia kanisani, tena kwa nyimbo. Nikakunja kurasa zote ndani ya kofia, na ule wa mbele, mzuri kuliko yote, nikampa baba mkwe wangu mtarajiwa, kwa heshima, upande wa paji la uso.

Asubuhi ilikuwa nzuri ajabu, kwaya inateremka kuelekea mtoni, kofia zimesimama wima, Nadine ananichekea, mimi natembea pembeni najiona nimeshaoa, ndipo mvua ikashuka, ile mvua yetu isiyopiga hodi, na kitambaa cheupe kikilowa, mnajua wenyewe, hakifichi kitu. Kwanza zikatokea herufi kwenye vichwa vya waimbaji, halafu kwa papa Albert, polepole, likafumbuka jicho.

"Yo! Angalia papa Albert!" mama mmoja muuza pondu, majani ya muhogo, akapiga kelele. "Jicho ya loge iko kwa kichwa yake!"

Wimbo ukakatika. Watu wa toleka, wale wanaobeba abiria kwa baiskeli, wakaziacha njiani waje kuona. Papa Albert akavua kofia, akaichana, akaangalia kilichomo, kisha akanitafuta mimi.

"Weye, uko mu loge?"

Ningesema hapana, nikanyamaza, yangekwisha. Lakini mimi mdomo wangu!

"Hapana papa, ile iko journal ya zamani tu! Bon, na bale batu balikuwa bazuri sana, papa, nabajua bote kwa majina, mimi nalalaga na ile journal karibu na kichwa!"

Nadine akafunika uso. Mtu nyuma yangu akasema, "Amekubali mwenyewe."

"Donc," akasema papa Albert, mvua inamtiririka usoni, "utubu mbele ya kanisa, ao usahau mutoto yangu."

Jumapili iliyofuata nikasimama mbele ya watu wote, mchungaji akaniuliza kama nawakana mashetani wale na chama chao, nikamwangalia Nadine, nikasema nawakana, ni mashetani. Chama ambacho mtu wake wa mwisho alizikwa kabla sijazaliwa! Watu wakapiga makofi, kina mama wakalia, tukaoana. Na balaa halijaisha, kwani mpaka leo wanakuja wanaume wazima, wanajifanya wanapimwa suruali, halafu wananinong'oneza, "Tonton, kuingia mu loge, inafanyikaga namna gani?"

Nimeapa, kofia bila kitambaa kigumu sishoni tena, hata aniombe askofu. Aibu ya mvua nimeshaizoea, naisimulia na kucheka. Ile ya Jumapili ndiyo inayoniuma. Niliwapenda watu wale, na nilipoulizwa niliwaita mashetani ili nipate mke, na mke wangu nampenda, kwa hiyo wakiniuliza tena kesho nitajibu vilevile.