Ziwa Nyuma ya Vyuma

Mji ulipofungika na hakuna aliyetoka nje, tulijifungia nyumbani, mtaani Muhumba, wiki nzima. Tonton, mjomba wangu mchoraji, alichoka na hasira zangu, akanipa rangi zake za mafuta. Nilichora ziwa lililoonekana dirishani. Bluu yangu ilitoka imekufa kama maji ya kufulia. Niliongeza nyeupe, ikazidi kufa. Nikatupa brashi.

“Vyuma vya dirisha iko wapi?” akauliza. “Uko naviona, juu ya nini hauvichore? Bluu peke yake haiangaze. Inataka kitu ya giza karibu.”

Nikachanganya bluu na kahawia hadi ikakaribia nyeusi, nikavuta vyuma sita juu ya maji. Papo hapo ziwa likawaka.

Juzi nilishuka hadi ukingoni kuchora, bila chuma chochote mbele yangu. Bluu ikakataa kuwaka.