Mgongo wa Octave

Kwa misimu mitano ya pamba mgongo wa Octave haukugusa vumbi. Kila soko la pamba pale Kabambare, chifu aliyewekwa na serikali alipanga mieleka, na sheria yake ilikuwa fupi: kijiji ambacho mtu wake ameangushwa ndicho kitakachotoa wanaume wa kuchimba barabara ya Kasongo. Mzungu mnunuzi wa pamba alivuta kiti akacheka mpaka akashika mbavu. Eti mchezo!

Kijijini kwa Octave, upande wa Wamaza, hakuna kijana aliyepelekwa barabarani miaka yote hiyo. Kwa hiyo watu walimlimia shamba, wanawake wakamletea bukari, ule ugali wa huko, na jogoo, naye akavimba kichwa kidogo. Tusimlaumu sana. Nani asiyependa kupendwa?

Msimu wa sita akapangiwa kijiji cha wakwe zake. Léocadie, mkewe, akaja akaketi mbele yake.

"Baba Régina, mudogo wangu Théophile anakohoa damu. Kwetu tukishindwa, chifu atamupeleka kwa barabara. Nakuomba, safari hii uanguke."

"Na vijana ya huku?"

"Ya huku iko na nguvu. Watarudi."

Octave akasema, "Nitaanguka."

Na alikusudia hivyo kweli. Mpinzani wake, Jean-Marie, alikuwa kijana wa miguu mirefu asiyejua hata kusimama vizuri. Octave akamwachia kiuno, akalegeza magoti. Hapo wanawake wa kijiji chake wakapaza jina lake, ngoma ikapamba moto, na mguu wake ukajipeleka wenyewe nyuma ya kisigino cha yule kijana, kama ulivyozoea. Jean-Marie akalala chali.

Octave alibaki ameduwaa. Lakini kabla ya majuto alisikia raha, raha tele, na meno yakamtoka nje kwa kicheko. Léocadie alikuwa akimtazama usoni.

Théophile alifia barabarani, akiwa bado na kikapu cha udongo begani. Kwa watu wale mkwe ndiye anayechimba kaburi, basi Octave akaenda msibani na jembe lake. Baba mkwe akamwondolea jembe mkononi, taratibu, bila hasira.

"Weye ulishafanya kazi yako," akamwambia. "Hii tutafanya siye."

Octave alirudi kwake peke yake. Léocadie alibaki kwa mama yake pamoja na binti yao, Régina.

Akatangaza kwamba hatashindana tena maishani. Wazee walimbembeleza, akakataa. Soko la pamba lilipokaribia, akaja Emilienne, jirani aliyemlimia tangu mwanzo, akasimama mlangoni akimshika mwanawe mkono.

"Tunajua uko na huzuni," alisema. "Lakini mutoto wangu iko mumoja tu."

Octave alimtazama yule kijana, na siku ya soko akaenda.

Kule Kabambare chifu alimpangia wakwe zake tena, maana mzungu alikuwa ameupenda mchezo wa mwaka uliopita. Jean-Marie akaingia uwanjani, akaanza kulia kabla hawajashikana.

Octave akamwangusha.